Istilahi Bila Maelezo: Funzo la Hadubini na Mgomba

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili hakijapevuka kiasi cha kubeba sayansi ya maabara. Dai hili na lipimwe kwa mgomba, mmea unaothaminiwa sana Kisii na Nyamira.

Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa Uganda mwaka 2001 na magharibi mwa Kenya mwaka 2006. Mmea ukivamiwa na vimelea hujitetea kwa kuzalisha molekuli tendaji za oksijeni, mojawapo ikiwa haidrojeni peroksaidi. Mtaalamu hutaka kujua molekuli hizo ziko wapi hasa: ndani ya seli ya bakteria, au kwenye ukuta wake?

Ili kuzibaini, bakteria husuuzwa, kisha hutiwa katika myeyusho wa seriamu kloridi. Palipo na peroksaidi, seriamu huungana nayo na kufanya mashapo mazito. Seli huimarishwa kwa kemikali zisiharibike, huondolewa maji kwa ethanoli inayozidishwa ukali hatua kwa hatua, kisha hupachikwa katika resini. Resini ikishakuwa ngumu, hukatwa vipande vyembamba, unene wake ukiwa chini ya nanomita 100. Katika hadubini ya elektroni, mashapo huonekana meusi. Sampuli ya ulinganisho hutiwa kwanza katalesi, kimeng'enya kivunjacho peroksaidi. Isipoonyesha weusi huo, ushahidi hupata nguvu.

Maelezo hayo hayakukwama kwa uhaba wa lugha. TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kasoro imo katika mazoea ya kuorodhesha istilahi bila kuzifafanua. Neno "tendaji" pekee halimfai mkulima wa Nyamira, ambaye lugha yake ya kwanza ni Ekegusii. Lakini akielezwa kwamba molekuli hiyo haitulii mpaka iungane na nyingine, na kwamba kwa kufanya hivyo huijeruhi seli, atang'amua pia kwa nini hushauriwa kusafisha panga kwa jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine: jiki nayo huua bakteria kwa njia inayokaribiana na hiyo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haitamfikia mkulima kwa orodha za maneno. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kuambatanisha kila istilahi na maelezo yanayoeleweka shambani, la sivyo kamusi zitanenepa huku migomba ikinyauka.