Bandari ya Lamu Inanunua kwa Nani?

Meli kubwa ikitia nanga Magogoni, ilipo bandari ya Lamu, tunatangaziwa makontena yaliyoshushwa, tani za mizigo na bandari ambako meli inaelekea. Ni habari njema, nasi tunazipokea kwa furaha. Lakini mvuvi wa Kizingitini au mkulima wa Mpeketoni hapati jibu lake katika hesabu hiyo. Anachotaka kujua ni kama bandari hii inanunua chochote kwake.

Wachumi wamelifanyia kazi swali hilo kwingineko, wakiangalia uwekezaji wa wageni. Mwaka 1999 Brian Aitken na Ann Harrison walichapisha utafiti kuhusu viwanda vya Venezuela. Ulionyesha kwamba mtaji wa kigeni ulipozidi katika sekta, viwanda vya wenyeji vilishuka tija. Mwaka 2004 Beata Javorcik, mchumi kutoka Poland, alichunguza viwanda vya Lithuania akaja na picha yenye matumaini zaidi. Wenyeji waliofaidika ni wale walio katika sekta zinazowauzia wageni. Tena faida hiyo ilitoka kwa miradi ambayo wenyeji na wageni wanaimiliki pamoja. Ile ya wageni watupu haikuonyesha kitu.

Ni kweli bandari ya Lamu si mali ya mwekezaji wa kigeni. Ni ya serikali ya Kenya, na kampuni ya Kichina ya CCCC ilipewa kandarasi ya kuijenga tu. Hata hivyo njia ya faida haibadiliki. Fedha humfikia mwenyeji anapouza kitu, na asipouza humpita.

Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2, 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 20, 2021. Katikati ya miaka hiyo bahari ya Manda ilichimbwa, mikoko ikakatwa, na wavuvi wakapoteza maeneo waliyoyajua tangu utotoni. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua Aprili 30, 2018 kwamba haki zao zilivunjwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini fidia hulipwa mara moja ikaisha, na mvuvi ana watoto wa kulisha kila siku.

Tazama soko lake lilivyo. Samaki wakifika pwani ya Kizingitini au Faza, saa zinahesabika. Mvuvi asiye na barafu hana nafasi ya kubishana. Dalali mwenye barafu ndiye anayepanga bei. Kumpa mvuvi huyo mashine kubwa ya boti ili afike bahari kuu, bila barafu wala mnunuzi wa uhakika, ni kumwongezea gharama ya petroli huku bei ikibaki mkononi mwa dalali yule yule.

Wapo wanaodai watu wa Lamu wanachukia wageni na maendeleo, kwa sababu walipinga mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi hadi leseni yake ikafutwa Juni 2019. Wanakosea sana. Lamu imeishi kwa biashara ya ng'ambo karne nyingi. Boriti zake za mikoko zilipakiwa majahazini zikaenda kuezeka nyumba za Uarabuni, na katika safari hiyo mkata mikoko, fundi wa jahazi na nahodha kila mmoja alikuwa na fungu lake. Fungu la namna hiyo ndilo linalodaiwa leo Magogoni.

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini Halmashauri ya Bandari (KPA) ina makao yake Mombasa, na asilimia hiyo yote yaweza kutimia huko huko bila hata senti moja kufika Mokowe, huku Lamu. Kiwango kingine, cha asilimia 20 kwa wakazi wa kaunti, kinazibana serikali za kaunti, KPA hakiigusi.

Kwa hiyo tunataka KPA itangaze, kando na hesabu za Mombasa, imenunua nini kwa ajili ya bandari ya Lamu na kwa nani. Zabuni za chakula, usafiri wa boti na ukarabati zigawanywe ziwe ndogo, ili chama cha wavuvi, wakulima wa maeneo ya Hindi na Mpeketoni na mafundi wa Matondoni waweze kuziomba. Malipo yafanyike ndani ya mwezi, kwa sababu kikundi cha kijiji hakina uwezo wa kungoja mwaka mzima. Nayo serikali ya kaunti ihakikishe kila kituo cha samaki kina barafu inayomilikiwa na wavuvi wenyewe. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo mpya kutoka nje, na ripoti ya kwanza ya manunuzi inaweza kutoka kabla mwaka huu wa fedha haujafungwa.