Kosa la zamu ya mchana hutoka usiku

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaosoma ukurasa huu jioni nyumbani,

Mara nyingi naulizwa pale dispanseri: kwa nini mganga anajiingiza katika mambo ya matangi ya asidi? Atunze wagonjwa, mashini awaachie maingenieri. Najibu kwamba wagonjwa wangu wengine wanatoka kwenye matangi hayo, na ugonjwa wao ulianza kabla wao wenyewe hawajafika kazini. Nitaeleza.

Mama akipika maharagi anajua yanataka masaa matatu. Anayatia yote pamoja, anangoja, anapakua. Kiwanda hakifanyi hivyo. Tangu Shituru ilipoanza kazi mwaka 1929 huko Likasi, na Luilu mwaka 1960 huko Kolwezi, mawe yaliyosagwa yanaingia katika asidi usiku na mchana, na maji ya shaba yanatoka vilevile. Sasa fikiri mama mwenye sufuria moja kubwa: kila dakika anatia kikombe cha maharagi mabichi, anakoroga, na dakika ileile anapakua kikombe. Watoto watatafuna mabichi, hata kama kwa hesabu kila punje ilipaswa kukaa motoni masaa matatu.

Ndivyo ilivyo kwa tangi. Tuseme mawe yanahitaji masaa 8, na tangi ni moja lenye kukorogwa vizuri. Katika kila sehemu 100 zilizoingia pamoja, karibu 12 zitatoka katika saa ya kwanza, bado hazijaiva. Kwa sababu hiyo maingenieri wanapanga matangi kwa mstari, moja likimwagia jingine. Masaa 8 yaleyale yakigawanywa katika matangi 4, zinazotoroka katika saa ya kwanza ni kama 2 tu katika 1,000. Malakiti, yale mawe ya kijani, hayasumbui, asidi inayala upesi. Kobalti nyeusi ndiyo kaidi. Asidi peke yake haiiwezi. Inabidi kuongeza unga wa metabisulfiti, au gazi yenyewe ya kiberiti, na kungoja.

Lakini hesabu ile ina upande wa pili, na huo ndio unaonihusu mimi. Kosa ulilofanya mwanzo wa zamu, wakati unapokwenda kuoga baada ya masaa 8, sehemu 43 katika 100 bado zimo matangini. Kosa la saa ya mwisho limo karibu lote. Wewe umekwisha kula bukari yako nyumbani, na ndugu yako wa zamu ya usiku analikorogea.

Nilimtunza kijana mmoja wa namna hiyo, wa kiwanda ambacho sitakitaja. Mchana, karibu na mwisho wa zamu, mkanda wa mashini ya kukoroga ulikatika katika tangi la pili. Fundi akaubadilisha. Lakini wakati ule mashini imesimama, hakuna aliyefunga unga. Ukaendelea kumwagika, ukazama chini pamoja na matope. Katika kaye ya zamu waliandika herufi tatu tunazozijua wote: R.A.S. Hakuna la kusema! Usiku yule kijana akakuta mashini imetengenezwa, akaiwasha. Matope yakainuka, unga ukakutana na asidi yote kwa mara moja, na gazi ikampanda usoni.

Shefu mmoja aliniambia kwamba kaye inatosha, shida ni watu wasioandika. Sikubali. Mtu aliyechoka, anayeona lori la kurudi kambini linangoja, ataandika R.A.S. hata kesho. Mimi nataka zamu mbili zikutane dakika 15 kando ya matangi, si mlangoni, wapite tangi kwa tangi, anayetoka aonyeshe kwa kidole kilichosimama na kilichowashwa tena. Dakika 15 hizo zilipwe, maana ni kazi. Najua zina gharama. Hata kitanda changu cha mgonjwa kina gharama.

Tena nawaomba wanaochora viwanda na wanaoviongeza: kila tangi katika mstari liwe na njia ya pembeni, ili liweze kutolewa peke yake bila kusimamisha mengine. Njia hiyo ipo mahali pengine, kisha mtu anaifunga au anaigeuza tangi la akiba kuwa la kazi, kwa ajili ya tani. Siku tangi moja linapoharibika, watu wanasukumwa kulitengeneza haraka kwa sababu mstari wote unangoja. Na tangi lililomwagwa bado lina kazi ndani yake. Matope yaliyobaki hayajui kwamba vana zimefungwa, na gazi ya kiberiti ni nzito kuliko hewa, inalala chini pale fundi anapopiga magoti. Asiingie mtu kabla hewa haijapimwa, na mwenzake awe juu akimwangalia.

Turudi kwa yule kijana. Alikohoa, macho yakamtoka machozi, akatoka nje, akanawa uso, akaona nafuu. Akamaliza zamu. Asubuhi akalala. Alasiri mke wake alimleta akiwa anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Gazi ile inaweza kulijaza pafu maji baada ya masaa mengi, wakati mwenyewe amekwisha kusema kwamba si kitu. Alipona, lakini haikuwa kwa siku mbili.

Basi, mama, bwana akirudi na nguo zinazonuka kiberiti kilichowashwa, na anakohoa, usimwache alale kwanza. Mlete, hata usiku. Na mkifika, tuambieni saa aliyovuta gazi, si saa alipoanza kuugua.