Msiwafundishe matabibu kutabasamu!

Leo sina stori za boom wala foleni ya kafeteria. Nina hasira na hizi semina za "mbinu za kupata ajira" wanazopewa matabibu na madaktari wasaidizi.

Mtasema, we mwalimu mtarajiwa hayo yanakuhusu nini? Yananihusu sana tu. Aprili 2023 serikali ilipotangaza nafasi 21,200 kupitia TAMISEMI, 13,130 zilikuwa za walimu na 8,070 za afya. Tunagonga mlango mmoja jamani.

Sasa sikiliza wanachoambiwa. CV isizidi kurasa mbili, vaa tai, mwangalie mwajiri usoni, tabasamu. Ukikosa, "jiajiri". Ajiajiri vipi kijana mwenye stashahada ya miaka mitatu na deni la ada? Zahanati inajengwa kwa tabasamu? (Au ndo achome watu sindano uani, halafu tukimkamata tumwite daktari feki!)

Na hivi mnajua daktari msaidizi ni nani? Tanzania ilianza kuwafundisha mwaka 1963. Huyu alikuwa tabibu kwanza, akafanya kazi, halafu akarudi darasani miaka miwili mingine. Kwa miaka mingi kwenye hospitali za wilaya yeye ndiye aliyekuwa anaamshwa usiku wa manane kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Akitaka shahada ya udaktari anakwenda kukaa miaka mitano na vijana waliotoka kidato cha sita. Mtu kama huyo unamfundisha kukaa kwenye kiti?

Ushauri wa maana upo, ila hawausemi kwa sababu unamkera mwajiri. Ukishahakikisha leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika haijaisha muda, chukua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 uisome kabla ya usaili. Inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zikizidi unalipwa mara moja na nusu. Saa ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, inaongezwa angalau asilimia 5. Halafu uliza NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na angalau nusu inatoka kwa mwajiri, sio yote kwako kama wengine wanavyofanyiwa.

Kuna dada nilisoma naye sekondari, ni tabibu kwenye zahanati moja binafsi, siitaji. Alianza kwa "kujitolea miezi mitatu", ikawa kumi. Zamu anaingia asubuhi anatoka asubuhi. Akipata tangazo la kazi serikalini hawezi kuomba, maana vyeti vyake halisi vimefungiwa kwenye kabati la bosi "kwa usalama". Usalama wa nani?? Mwajiri aone cheti, abaki na nakala, basi. Huyo dada alihudhuria semina mbili na tai ya kike alivaa. Hakuna aliyemwambia kuhusu kabati.

Najua kuna atakayesema ukianza kutaja sheria kwenye usaili hupewi kazi. Ni kweli, wapo watakaokosa, na mwenye mtoto wa kulisha simlaumu akinyamaza. Lakini mtoa semina yeye halishwi na yule bosi, kwa nini na yeye ananyamaza? Na tabibu wa saa ya 23 ndiye atakayepima dozi ya mdogo wako mwenye malaria. Saa hiyo tabasamu halisomi mizani.

Hiyo sheria ninayo kwenye flashi. Anayeitaka anipitie maktaba jioni, ila aje na flashi isiyo na virusi, mara ya mwisho mliniulia kompyuta.