Melanoma ikishaenea, mionzi ina kazi gani?

Bob Marley alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Watu wengi wanajua nyimbo zake kuliko ugonjwa uliomuua: melanoma, kansere ya ngozi iliyogunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole cha mguu, kisha ikafika hadi kwenye ubongo. Kwa watu weusi hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo doa jeusi hudhaniwa kuwa alama ya kujikwaa. Ndiyo maana wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Hapo jamaa husikia habari ya mionzi. Wanauza shamba, wanakusanya dola, wanavuka mpaka kwenda Kigali ama Kampala wakiamini kuna mashine inayoponya. Melanoma iliyokwisha kuenea mwilini haiponywi na mionzi. Daktari asiyelisema hilo wazi kabla shamba halijauzwa anawakosea, hata kama ananyamaza kwa huruma.

Lakini kusema kwamba mionzi haina faida ni kosa kubwa zaidi. Kansere ikiingia mfupani, maumivu humnyima mtu usingizi. Mara nyingi kupigwa mionzi mara moja tu, kwa dakika chache, huyapunguza sawa na matibabu ya siku nyingi, ingawa wakati mwingine inabidi kurudia. Kidonda kinachovuja damu hutulia. Uvimbe mdogo kwenye ubongo waweza kuzuiwa kwa muda. Uti wa mgongo ukibanwa, ni jambo la haraka: miguu ikishapooza, ni vigumu kuirudisha.

Basi jamaa waulize kwanza ni siku ngapi zinahitajika. Kulala na kula ugenini ndiko kunakomaliza pesa.

Hospitali ya kijeshi ya Kanombe, Kigali, ilianza kutoa mionzi mwaka 2019. Huko Mulago, Kampala, mashine pekee ya Uganda iliharibika mwaka 2016, na nchi nzima ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila nyingine. Anayetegemea mashine ya jirani anategemea pia fundi wake na mpaka wake, na wakaaji wa Kivu wanajua mpaka unavyofungwa. Viongozi wa Kinshasa wana deni hapo. Na wakati mashine inangojewa, morfini ya kunywa, dawa isiyo ya bei kali, isikosekane katika hospitali za Kivu na Ituri.