Chuma cha Stebilaiza Kifunguliwe, Lakini Kifungwe Tena



Yako maneno yanayosemwa sana baina ya madereva na magengi ya njia, nasi twataka kuyatia katika karatasi hii ili kila memba ayapime. Ni juu ya kile chuma kilicho chini ya gari la kazi ambacho mafundi wa gereji hukiita stebilaiza. Wengine wasema kifunguliwe kila tuendapo porini. Wengine wasema kitolewe kabisa, kiwekwe stoo, tusisumbuke tena. Sisi twakubaliana na wale wa kwanza, na hawa wa pili twawapinga kwa nguvu zetu zote.

Kwanza tueleze kazi yake, maana si kila anayekaa nyuma ya pikapu amepata kuingia chini yake. Ni fito ya chuma cha springi, imepindwa ncha zote mbili, imelala toka upande huu wa gari hadi upande ule, na kila ncha imeshikwa na mkono mfupi uitwao linki. Gari likikata kona kwa mwendo, bodi hutaka kulalia upande wa nje. Fito hujipinda na kukataa, na bodi hubaki karibu na kusimama sawa. Hiyo ndiyo faida yake katika lami.

Porini mambo hugeuka. Tukifuata njia ya kando ya reli au kuvuka lugga, gurudumu moja hupanda jiwe na mwenzake hushuka shimoni, na fito ile ile hukataa magurudumu kuachana. Basi moja huning'inia hewani likizunguka bure, na lile lililoshika ardhi halisogei, kwa maana ndiyo tabia ya difu ya kawaida. Sisi wa reli hatuhitaji mwalimu kwa jambo hili. Behewa lenye fremu ngumu likipita mahali reli zimepindana, gurudumu moja hupoteza uzito, na lisilo na uzito ndilo lipandalo juu ya reli.

Kwa hiyo kufungua linki si uharibifu wa mali. Katika gari lenye ekseli nzima mbele, kama Toyota Land Cruiser za namba 70, faida huonekana mara moja. Katika gari ambalo kila gurudumu la mbele lasimama peke yake, faida ni ndogo. Yako hata magari yaliyotengenezwa hivyo kiwandani. Jeep Wrangler Rubicon, tangu modeli ya 2007, ina kitufe cha kuachanisha fito ya mbele, nayo hujiunga yenyewe gari likipita kama kilomita 29 kwa saa. Itazameni hesabu hiyo vizuri. Walioliunda hawakumwachia dereva hata nafasi ya kusahau. Magari tunayopewa sisi hayana kitufe. Yana spana, na kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Asubuhi dereva ana nguvu, kiongozi wa gengi ataka kufika, na linki zafunguliwa upesi. Jioni giza laingia, kila mtu ana tope na njaa, na mkubwa apiga simu kuuliza gari liko wapi. Ni nani atakayelala matopeni kurudisha nati? Gari hupanda lami hivyo hivyo, watu wakiwa nyuma juu ya majeki na vyuma vya kazi. Likikwepa ng'ombe au bodaboda kwa ghafla hulala upande mmoja, na dereva akirudisha usukani hulala upande wa pili kwa nguvu zaidi. Gari la namna hiyo si la kuteremka nalo Mai Mahiu.

Tuseme wazi, ingawa ni ndugu zetu, kwamba wako madereva wanaoona ni sifa kuendesha bila chuma hicho. Na wako wakubwa ambao linki ikikatika husema gari latembea, na litumike. Hao wote hukaa mbele.

Twataka saa ya kufungua na saa ya kufunga zihesabiwe kuwa saa za kazi. Robo saa, au nusu saa kukiwa na matope, haiwezi kufilisi mtu. Kazi ifanywe mahali tambarare, magurudumu yametiwa kabari, maana mahali palipoinama fito huwa imejikaza na linki yaweza kuruka ikaumiza mkono. Ncha zote mbili zifunguliwe, na fito ifungwe juu isiguse tairi wala mpira wa breki. Kitabu cha gari kiandikwe "imefunguliwa" na "imefungwa", na mtu wa pili atie sahihi, kama vile sisi hatuamini pointi za reli kwa neno la mdomo. Na linki na bushi ziwekwe stoo, maana kwa barabara zetu haziishi muda mrefu.

Anayeogopa kusema na ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi kumwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na yamkataza mwenye kazi kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kukataa kupanda gari lililofunguliwa linapoingia barabara kuu si ukaidi.

Neno hili litaletwa katika mkutano wa tawi. Kabla ya siku hiyo kila dereva na aingie chini ya gari lake, atazame kama linki zote zipo na kama nati zimekaza, kisha ampe katibu namba ya gari na jinsi alivyolikuta.