Sili Haina Makosa, Fundi Ndiye Anavuja

Wasee wa Ukunda, Diani mpaka Msambweni, leo naongea na mafundi wetu wa pampu. Mkikasirika, poa tu.

Pampu ikianza kudondosha maji pale shafti inapoingilia, fundi anakuja, anachomoa sili ya zamani, anairusha kichakani, anapachika mpya, anakunja pesa. Wiki mbili baadaye inavuja tena. Anarudi na sili nyingine, na bei nyingine. Huo si ufundi, ni biashara ya spea! Na maji ya chumvi yakipenya mpaka kwenye beringi, mota nayo inakwenda. Hapo ploti nzima inanunua maji ya mkokoteni.

Sili yenyewe si uchawi. Ni nyuso mbili laini: moja inazunguka na shafti, nyingine imetulia, springi inazibana. Katikati kuna utando mwembamba sana wa maji unaozilainisha. Ikifa, inaacha ushahidi usoni. Usome kabla hujaitupa.

Ina michirizi ya duara? Mchanga umepita hapo. Imepasuka vipande? Ilipata joto: pampu ilizunguka kavu, tangi tupu au valvu ya kuingizia maji imefungwa. Imelika vibaya, haiko sawa? Tikisa shafti. Ikicheza, beringi zimechoka, au mota na pampu hazijakaa mstari mmoja. Hapo hata ufunge sili ya dhahabu, itavuja. Imevuja siku ile ile ya kufungwa? Kaka, uliishika uso na vidole vyenye grisi na vumbi, au uliipachika kombo.

Najua mtasema, "Pwani yetu ni chumvi na mchanga, tufanyeje?" Ndiyo sababu ukatafuta sili inayofaa maji yako! Ile ya kaboni na seramiki inapenda maji safi. Penye mchanga kuna zenye nyuso ngumu za silikoni kabaidi. Ni ghali zaidi, sawa, lakini piga hesabu ya ile ya bei rahisi ukiinunua mara nne. Na inua bomba la kuvutia lisilale chini kabisa kisimani.

Tena msiniambie mambo haya ni ya wazungu. Afridev, pampu ya mkono iliyosambaa nchi nyingi za Afrika, ilijaribiwa hapa hapa Kwale miaka ya 1980. Iliundwa makusudi ili mwanakijiji aifungue na kubadilisha mpira wake mwenyewe, bila kungoja gari la injinia.

Vijana, hili linatuhusu. Mgodi wa Base Titanium ulimaliza kuchimba mwishoni mwa 2024, na ajira zikaenda nao. Lakini mahoteli bado yana mabwawa, ploti zina matangi, mashamba yana visima. Pampu hazijahama. Chuo niliacha, ila hakuna anayehitaji digrii kuangalia uso wa sili na kuuliza kilichoiua.

Nawe mteja, fundi akimaliza, mwambie akupe sili ya zamani mkononi na akueleze imekufaje. Akikosa jibu, hiyo mpya nayo itakufa hivyo hivyo. Usimwite tena.

Mtumie fundi wako hii. Akinuna, umeshajua.