Fisi Naye Atiwe Katika Sinema ya Kuchekesha

Mwaka 1962, Howard Hawks wa Marekani alipoitoa sinema yake Hatari!, aliyoipigia picha katika nchi yetu ya Tanganyika, hakutegemea ushujaa wa John Wayne peke yake, bali alitia ndani yake ndovu watatu wachanga, watundu kupita kiasi, ambao walimwandama mlezi wao kila aendako, hata hotelini mjini Arusha.

Wako wanaohesabu vichekesho vya namna hii kuwa upuuzi wa watoto. Mimi siafikiani nao, kwani mnyama ambaye mtu amemcheka akiwa ameketi baina ya mama yake na bibi yake, ni shida kumwogopa tena kwa hofu isiyo na akili. Na huku kwetu Shinyanga na Geita yuko anayestahiki ihsani hiyo kuliko wote, naye ni fisi.

Jioni, katika ngano, fisi ni mlafi anayehadaiwa na sungura, na nyumba nzima humcheka. Lakini usiku huohuo akilia nyuma ya ua, watu hunong'ona kuwa ni kipando cha mchawi, kisha hutafutwa mpandaji, ambaye aghalabu huwa ni bibi kizee mnyonge, mwenye macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa jiko. Kwa dhana hiyo dhaifu, damu ya wazee wengi imemwagika katika nchi ya Wasukuma.

Atakayeniambia kwamba mauaji si jambo la dhihaka, amesema kweli. Ila ninayetaka achekwe ni fisi, si marhumu. Sheria humwadhibu muuaji baada ya damu kumwagika, ilhali kicheko chaweza kuing'oa hofu mapema, ingali mche moyoni mwa mtoto.

Wala uwezo hatukuukosa. Bayeye, wachezaji ngoma wa Kisukuma, hucheza na nyoka hadharani, na kitisho kikageuka tamasha. Na tangu mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids, zitengenezwazo Dar es Salaam, zimewafundisha watoto hesabu kwa msaada wa wanyama, akiwemo Ngedere.

Basi wasanii wetu watutengenezee sinema ya fisi mdokozi anayehangaisha kijiji kizima, hata wanaume wenye mikuki wakashindwa, na atakayemtia adabu kwa hila na mwiko wa ugali awe ni bibi kizee mwenye macho mekundu.